Daluga za Kambi ya Pongwe

Jumamosi, 10 Machi 1956

Daftari hili nimelitoa stoo kwa ruhusa yangu mwenyewe, maana karani wa kombania ni mimi na wa kuniuliza hakuna. Leo nimepewa kazi ambayo nataka ikumbukwe ilivyoanza. Mimi, Koplo Ernesti Mhina, Mbondei wa Magila, tepe mbili mkononi, sasa ni katibu wa timu ya mpira ya Kambi ya Pongwe.

Mpaka jana timu yetu ilikuwa askari wanaofukuzana na mpira baada ya gwaride, na mji mzima wa Tanga ulitucheka. Meja, Mzungu mkuu wa kambi, ameona haya. Ameniagiza nitafute mjini wachezaji sita wa kweli. Kila mmoja ataandikwa kazi ya kambini, fundi, dobi au mtunza bustani, na atapata mshahara wa mwezi, lakini kazi yake hasa itakuwa mpira. Mimi sijapata kusikia mtu wa huku aliyelipwa kwa kucheza. Nilipouliza itakuwa kwa muda gani, Meja akasema masika hii moja. Tukichukua kombe la mji mwezi wa sita, timu itakuwa ya kudumu. Tukilikosa, fedha ya kantini itanunua viti vya bwalo, na hao sita watarudi walikotoka.

Nilisema ndiyo, afande. Kusema ndiyo ni rahisi.

Jumatatu, 12 Machi

Nimempata Uweso barabara ya tisa, Ngamiani, akiziba pancha. Anacheza winga ya kushoto kwa timu za mitaani, na mabeki wa mji huu wanamjua kwa mgongo tu. Nilimweleza yote. Akaendelea kusugua mpira wa ndani kwa msasa mpaka nikadhani hakunisikia.

"Koplo, miye sina neno," akasema mwishowe. "Ila ninaye bibi yangu Kigombe. Asiporidhika yeye, siendi."

Alhamisi, 15 Machi

Nimekwenda Kigombe kwa basi la Pangani. Mvua za kwanza zimekwisha kulainisha barabara na abiria tulisukuma mara mbili. Bi Mwanamkasi alikuwa barazani akisuka ukili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Keti. Wewe ndiye ntu wa jeshi?"

"Ndiye mimi."

"Huyu ntoto nimemlea miye toka mamake alipokufa. Kazi ya nkono anayo, na watu wa kumletea baiskeli anao. Wewe wamtoa huko wampeleka kucheza. Mchezo ukikoma, je?"

"Haukomi, bibi. Nitahakikisha."

"Utahakikisha wewe au mkubwa wako?"

Nilikunywa uji wake wote. Mwishowe yeye ndiye aliyenionea huruma. "Haya, mchukue," akasema. "Ila sura yako nimeishika."

Njia nzima ya kurudi nilijisikia mwongo, ingawa sikuwa nimesema uongo wowote bado.

Jumatatu, 19 Machi

Sita wametimia. Golikipa ni Zubeiri, mwashi wa Ngamiani, mrefu, mwenye maneno mengi. Kambini ameandikwa fundi wa kuta, ingawa sioni ukuta uliobomoka.

Mwalimu wetu ni Sajini Asheri, Mpare, mtu aliyepigana na Wajapani huko Bama na asiyecheka. Raia kuvaa jezi ya jeshi kunamuumiza, na hafichi. Leo amewapigisha kwata saa nzima kabla hawajaugusa mpira. Kisha akatoa daluga mpya, viatu vya mpira vya ngozi, kutoka stoo, jozi kumi na moja, kila jozi na namba yake, akaamuru zivaliwe. Hawa watu wamecheza pekupeku tangu watoto. Zubeiri alitembea hatua tatu, akasema anahisi amefungwa matofali.

"Timu ya jeshi haichezi miguu mitupu," Asheri akasema. "Meja ameamua na mimi nimeamua."

Mtu huyu atatuharibia timu.

Jumamosi, 24 Machi

Tatu bila. Tumefungwa na wapiga makasha wa bandarini. Uwanja ulikuwa tope na Uweso aliteleza kila alipogeuka. Askari wetu waliokuja kutazama waliwashangilia wapinzani, nami nina majina yao.

Jumapili, 25 Machi

Mvua kutwa.

Jumamosi, 31 Machi

Sare, moja kwa moja. Raia wawili hawakutokea kabisa, kumbe walikuwa harusini barabara ya kumi na tano wakipiga ngoma. Walipofika kambini Meja alikuwa anawangoja langoni. Hakupiga kelele. Aliniita ofisini akanisomea amri, nami nikaipiga chapa: mchezaji asiyefika mechini bila ruhusa iliyotiwa sahihi na Meja mwenyewe atafutwa siku hiyo hiyo. Nikaibandika bwaloni. Asheri aliisoma, akaisoma tena, akasema hiyo ndiyo amri ya kwanza ya maana tangu timu ianze.

Kesho Pasaka. Nitasali, na katika sala nitamtaja winga wangu wa kushoto.

Alhamisi, 12 Aprili

Mfungo umeanza. Timu za mji zimekubaliana kupumzisha ligi mpaka baada ya Idi. Sisi tuna pointi moja, tunashika mkia.

Ijumaa, 20 Aprili

Mvua ya siku ya nne. Asheri bado anawafundisha kila jioni, wenye swaumu na wasio na swaumu. Leo nilikwenda jikoni kulalamika kwamba anawaua watu kwa njaa, nikamkuta mpishi anakoroga sufuria kubwa ya uji wa pilipili manga na tende zimewekwa kando. Nikauliza ni za nani. Mpishi akasema Sajini ameamuru futari ya wachezaji tangu siku ya kwanza, na tende ananunua mwenyewe. Nikarudi ofisini bila kulalamika. Mtu akishakuudhi kwa mwezi mzima, si rahisi kumsamehe kwa ajili ya tende, lakini nimejaribu.

Jumamosi, 28 Aprili

Mvua. Uweso ameanza kupiga krosi akiwa na daluga. Si nzuri, lakini zinafika.

Jumamosi, 12 Mei

Siku ya pili ya Idi. Zubeiri amekuja na kanzu mpya kumpa Asheri mkono wa Idi. Asheri akaupokea, akamwambia kesho mazoezi saa kumi kamili.

Jumamosi, 19 Mei

Tumeshinda, mbili bila.

Jumatano, 23 Mei

Tumeshinda tena. Magoli yote kayafunga Noa, askari wetu wa senta-fowadi, kwa krosi za Uweso. Mwanzoni hawa wawili hawakuamkiana, na sasa wanakula sahani moja.

Jumamosi, 26 Mei

Tumeshinda. Askari wa kombania walikuja na ngoma yao na safari hii waliipiga kwa upande wetu. Nimeyachana yale majina.

Jumamosi, 2 Juni

Tumeshinda kwa goli moja, dakika ya mwisho. Imebaki mechi moja, Jumamosi ijayo saa kumi na nusu, na Vijana wa Chumbageni. Wao wametupita pointi moja. Sare ni yao, na tukishinda kombe ni letu. Nahodha wao Miraji amesema mjini kwamba atatuvua daluga mbele ya Meja.

Jumamosi, 9 Juni

Nimechoka na mkono una tope mpaka kwenye kucha, lakini haya sitayaacha mpaka kesho.

Alfajiri mtu wa baiskeli alifika langoni kutoka Kigombe. Bi Mwanamkasi amefariki. Watamzika leo baada ya adhuhuri.

Uweso alikuwa amelala kambini kama wachezaji wote kabla ya mechi. Nilimwambia mimi. Alikaa chini pale pale, akavaa shati, akalivua, akalivaa tena. "Miye nakwenda kumzika bibi yangu," akasema. "Nifuteni." Zubeiri akasimama naye. Raia wengine watatu wana jamaa huko huko Mtang'ata, upande wa Kigombe, nao wakaanza kufunga mafurushi. Watu watano. Meja alikuwa Korogwe tangu Alhamisi na alisema atakuja moja kwa moja uwanjani. Luteni, msaidizi wake, yuko kitandani na homa. Simu ilikatika na mvua ya juzi. Wa kutia sahihi ruhusa hakuwepo, na kwa amri niliyoipiga chapa kwa mkono wangu, watu hawa watano wangefutwa leo na mechi ingekufa, na kombe, na timu.

Nikafanya hesabu ya saa. Kwenda Kigombe mwendo wa saa tatu kwa njia hii ya masika. Kuzika. Kurudi saa mbili na nusu, Mungu akipenda. Nikafungua mtoto wa meza, nikatoa karatasi ya safari ya lori, nikaandika "Tanga, mpira," nikapiga muhuri wa Meja. Nilijua ninachofanya.

Sajini Asheri alinikuta natoka nayo. Akaisoma.

"Tanga," akasema.

"Kigombe kwanza, afande. Timu nzima. Tukazike, kisha tucheze."

Nilingoja aniweke ndani. Aliitazama karatasi, akamtazama Uweso aliyekaa chini ya bendera, akamwita dereva, "Rafaeli, washa lori. Pakia na majembe sita."

Tulifika saa tano. Kaburi lilikuwa limechimbwa na limejaa maji. Wanaume wa kijiji walikuwa wanachota kwa ndoo na maji yanarudi. Asheri alivua shati lenye tepe zake tatu, akaingia, akaonyesha mahali pa kukata mfereji kama walivyokuwa wakifanya kwenye mahandaki ya Bama. Askari na wachezaji wakachimba pamoja. Kabla ya adhana kaburi lilikuwa kavu. Kwa miezi mitatu nimemwita mtu huyu mharibifu katika daftari hili. Nilikosea.

Baada ya kusaliwa jeneza likainuliwa, na hapo watani wakatuzuia. Walikuwa watani wa marehemu kutoka upande wa Pangani, wazee watano, na mkubwa wao bibi mmoja anayeitwa Kijakazi, kavaa kanga nje ndani na ungo kichwani. Akalala njiani.

"Mwanamkasi alininyima chumvi mwaka wa njaa," akasema. "Leo hapiti. Na hili jeshi mmelileta kumkamata nani? Mwenyewe keshakufa, mmechelewa."

Watu wakacheka huku wanalia, ndivyo inavyokuwa. Asheri hakucheka. Aliangalia saa yake, akasogea mbele kwa sauti ya gwaride. "Mama, ondoka njiani. Tuna haraka."

Kijakazi akainuka polepole, akalizunguka lori, akavuta gunia la daluga zetu, akalikalia. Nilimshika Asheri mkono. "Afande, hawa ni watani. Mtani haamrishwi, hupewa anachotaka. Ukimgusa, kijiji kizima kitakuwa kimevunjiwa heshima na Uweso hatarudi hapa tena."

"Anataka nini?" akaniuliza, na kwa mara ya kwanza nilimsikia hajui la kufanya.

Kijakazi alisikia. "Nataka huyu mwenye tepe tatu amwamkie bibi yake kijeshi."

Asheri alisimama. Shati alikuwa amelivaa tena, lina tope tupu. Akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akakaza miguu mbele ya jeneza, akapiga saluti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," Kijakazi akaitikia kwa niaba ya marehemu. "Umerudi lini vitani?"

Mkono wa Asheri ulibaki kwenye paji la uso muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Kicheko kilikatika. Nami nililia waziwazi, sioni aibu kuandika.

Njia ikafunguliwa. Uweso alishuka kaburini kumpokea bibi yake kwa mikono yake. Saa nane kasoro tulikuwa tumemaliza. Lakini gunia Kijakazi hakulitoa. "Viatu hivi ni vyangu mpaka arobaini," akasema. "Mkivitaka, njooni mle ubwabwa." Noa alitaka kumnyang'anya, Uweso akamzuia. Tukaondoka bila daluga.

Tulifika uwanjani refa keshapuliza mara ya kwanza. Njiani tulikwama mara moja, Pande, tukaliinua lori kwa mabega. Meja alikuwa kitini. Akaiona timu yake inashuka imejaa udongo mwekundu, miguu mitupu.

"Daluga ziko wapi?"

"Zimechelewa, afande," nikasema. Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa pili, baada ya ule wa karatasi.

Miraji alimfuata Uweso katikati ya uwanja, akamshika mkono, akampa pole ya msiba, habari ilikuwa imefika Chumbageni. Baada ya hapo alimpiga mateke dakika tisini. Walitufunga kwanza. Noa akasawazisha kwa kichwa. Kipindi cha pili mvua ikaja, uwanja ukawa tope, na watu wetu walikuwa kwenye tope kwa miguu waliyozaliwa nayo. Uweso alipita pembeni mara tatu na krosi ya tatu Noa akaigusa tu, ikaingia. Dakika tano za mwisho Zubeiri aliukumbatia mpira kila ulipomjia na kukataa kuinuka mpaka refa amwonye.

Mbili moja. Kombe ni letu. Uweso hakushangilia. Alikaa kwenye tope, na Asheri akaenda akakaa karibu naye.

Jumatatu, 11 Juni

Sajini wa stoo amekagua. Jozi kumi na moja za daluga hazipo. Bila kuuliza mtu amesema raia wameziuza Ngamiani, na keshokutwa nyumba zao zipekuliwe. Kwenye bwalo wameshaanza kusema, ukiwaleta watu wa mitaani unategemea nini.

Karatasi ya lori inasema Tanga. Rafaeli dereva hatasema, wala wachezaji hawatanisaliti. Nikinyamaza, wakubwa hawatajua habari ya Kigombe, na watu sita wataitwa wezi kwa kazi niliyowaitia mimi. Nikisema, itajulikana kwamba muhuri niliupiga bila ruhusa. Nimelifikiria jambo hili muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Nitasema.

Jumanne, 12 Juni

Nilimwambia Meja yote nikiwa wima. Anajua Kiswahili cha kambini, na cha kambini hakina neno la utani.

"Hawa watani ni adui zenu?"

"Hapana, afande. Ni kama ndugu."

"Wamechukua mali ya serikali na nyinyi mkawatazama."

"Ndiyo, afande."

"Na sajini wangu akampigia saluti nani?"

"Bibi yake Uweso, afande. Marehemu."

Mlango ukagongwa, Asheri akaingia bila kuitwa. "Afande, mkubwa kwenye lori nilikuwa mimi. Safari ni yangu."

"Muhuri niliupiga mimi," nikasema. "Sajini alikuta umeshapigwa."

Meja alitutazama wote wawili. Akauliza kama ningekuwa na nafasi tena ningefanya nini. Nikamwambia ningeondoka saa moja mapema, kwa sababu ya tope.

Hukumu imetoka jioni. Timu inabaki, kwa sababu kombe liko juu ya kabati yake. Raia sita wanabaki na kazi zao, na sajini wa stoo amewaomba radhi mbele ya gwaride. Asheri amekaripiwa kwa maandishi. Mimi nimevuliwa tepe zote mbili, nimetolewa ukatibu, na nitahamishiwa kambi ya kusini, mpakani. Tepe nilizifumua mwenyewe kwa wembe. Zimeacha alama ya kitambaa kipya.

Jumamosi, 16 Juni

Namfundisha Uweso kazi ya ukatibu. Mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Anaandika pole pole na ulimi nje.

Ijumaa, 22 Juni

Kesho naondoka. Mvua imekwisha, na njia zimeanza kutoa vumbi.

Mchana Meja aliniita, maana hajapata mwingine anayejua mashine ya chapa. Aliandaa amri za timu kwa msimu ujao, Asheri kasimama kando. Amri ya kwanza, mazoezi. Ya pili, nidhamu. Ya tatu ilikuwa ile ile ya bwaloni, asiyefika bila sahihi ya Meja afutwe. Nikaipiga. Meja akatembea mpaka dirishani na kurudi.

"Ongeza," akasema. "Mchezaji akifiwa na mzazi au mlezi wake, atapewa ruhusa ya siku mbili."

Nikapiga.

"Afande," Asheri akasema, "siku mbili hazimsaidii mtu asiye na usafiri."

Nje walikuwa wanapiga kona, nilimsikia Zubeiri akibishana na refa ambaye hakuwepo.

"Na lori," Meja akasema.

Vidole vyangu vilikuwa juu ya mashine. Nilikuwa askari wa kawaida, sina haki ya kuuliza. Nikauliza. "Lori la aliyefiwa, afande, au la timu nzima?"

"La timu nzima."

Nikapiga chapa: lori litolewe, timu nzima iende. Nakala tatu. Meja akazisoma zote, akatia sahihi. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa muhuri, akausogeza mpaka upande wangu.

"Piga," akasema.

Nikapiga nakala zote tatu.